Tuta la Mbele ya Chekechea

Kibanio kikubwa cha nguo kilikuwa baba, cha kati mama, na kile kilichokatika mguu mmoja kilikuwa mtoto. Binti yangu alivipakia kwenye boksi la sabuni, akaliendesha juu ya kochi hadi shuleni, na baba alipofungua kinywa kumuaga mwanawe, pasi yangu ilisimama hewani. Sauti ile ilikuwa ya shemeji, mdogo wa mume wangu. Ilikuwa yake kabisa, pamoja na ule mtindo wake wa kuvuta neno la mwisho kana kwamba analionea huruma kuliacha liende.

"Baba anaongea hivyo?" nikamuuliza.

Kijiko akafikiri. Hilo ndilo jina alilopewa na baba yake, kwa kuwa alizaliwa mdogo, eti angeweza kulala ndani ya kijiko cha chai akabaki na nafasi ya kujigeuza.

"Sijui," akasema. "Kwani alikuwa anaongeaje?"

Nilitaka kumwigizia, nikakuta kinywa kitupu. Maneno ya baba yake niliyakumbuka mengi, lakini kila nililolitamka lilitoka kwa sauti yangu. Ilikuwa imepita miezi mitano tu. Nilidhani tulishamzika, kumbe tulikuwa tunaendelea kumzika kidogo kidogo, kila siku koleo moja.

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi. Watu wakisikia hivyo, kisha wakasikia kwamba gari lake lilikuwa na kamera mbele, hunyamaza kwa heshima wakingoja habari za ajali. Hakukuwa na ajali. Homa ilimlaza siku tisa, ya kumi ikamchukua, na gari likabaki limeegeshwa mlangoni bila hata mkwaruzo. Mdogo wake akalichukua na kuliendesha ili sufuria zetu zisilale kifudifudi.

Kamera hiyo niliikumbuka nikiwa darasani. Mchana napiga pasi kwenye duka la dobi. Jioni, siku tatu kwa wiki, najifunza kuhariri video, maana sitaki kuondoa mikunjo ya nguo za watu mpaka niwe mkunjo mwenyewe. Mwalimu wetu ni mama wa makamo tunayemwita Macho Manne, kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado huuliza nani kaona miwani yake. Siku hiyo alitutaka kila mmoja alete video yake mwenyewe kwa kazi ya mwisho ya kozi. Jirani yangu akasema ataleta harusi ya dada yake. Mimi nikawaza kile kidude kilichobandikwa kwenye kioo cha gari, kikitazama barabara mchana kutwa na kusikia kila kinachosemwa ndani.

Nilipomwendea shemeji, alizima injini kwanza ndipo akanijibu. Kamera ile, alisema, hukata safari vipande vya dakika tatu tatu, na kadi yake ikijaa hufuta vya zamani kupisha vipya. Naye alikuwa ameendesha kila siku kwa miezi mitano. Aliyasema hayo akitazama usukani, na nikaona maana yake inamfikia yeye wakati ule ule inaponifikia mimi.

"Shemeji," akasema, "kumbe nimemfuta kaka."

"Ulikuwa unatulisha."

"Nimemfuta. Kila asubuhi nikiwasha gari, namfuta."

Akachomoa kadi, akaifunga kwenye karatasi kama kidonge, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Macho Manne aliichomeka kwenye kompyuta wenzangu wakiwa hawajaingia. Kweli, vipande vyote vilikuwa vya shemeji: barabara, abiria, salamu. Nilishaanza kufunga mkoba aliponiambia nisubiri, kuna folda nyingine chini. Gari likitikisika kwa nguvu, alinieleza, kamera hudhani limegongwa. Kipande hicho hukitenga na kukifunga, kisifutwe pamoja na vingine. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na vipande kumi na kimoja. Tarehe zake zote zilikuwa za kabla ya homa.

Alibofya kimoja, na picha tu ikatokea, bila sauti: ukuta wa rangi ya samawati, geti dogo la chekechea ya Kijiko, na mbele yake tuta lenye mistari ya njano. Nililijua tuta lile kama ninavyojua ugomvi wangu. Mume wangu, aliyekuwa mpole kwa kila kitu barabarani, hakuwa anapunguza mwendo pale, kwa sababu Kijiko, akiwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma, alipenda kurushwa. Nilimsema hadi ulimi ukaota sugu. Nilimwambia springi za gari si kucha, hazioti tena. Aliahidi kuacha, na kesho yake wakaruka. Sasa kila kilichobaki cha mtu yule kilikuwa kimebaki kwa sababu hakunisikiliza.

Nikamuuliza mwalimu mbona humo hamna hata kipande kimoja cha shemeji. Akasema inaonekana dereva huyo hajalitikisa gari hata mara moja. Angelitikisa sana, folda nayo ingejaa, na vya zamani vingekwenda na maji. Hapo nikacheka, cheko lililogeuka katikati ya safari. Shemeji huliendesha gari la kaka yake kama mtu aliyebeba trei kichwani. Abiria wamembatiza Mayai, na wenye haraka hushuka wakisema heri miguu yao. Nilitoka ukumbini kumpigia simu. Akaniomba nirudie ile sehemu ya folda kujaa. Nikairudia. Akaniomba tena.

Lakini kupata si kusikia. Faili za kamera ile zilikuwa za fomati ambayo programu yetu ya kuhariri iliijua nusunusu: picha iliipokea, sauti iliikataa. Macho Manne alinakili faili zote kwanza, akaificha kadi kwenye droo yake, akanionya kwamba asili haiguswi, tunachezea nakala. Halafu akanipa programu ya kubadilisha fomati na orodha ndefu ya majina ya herufi tatu tatu, akaniacha nichague, kwa sababu yeye ni mwalimu wa namna hiyo.

Chaguo langu la kwanza lilinipa mume bubu. La pili lilileta sauti, lakini ya mtu aliyezungumza ndani ya bomba la maji. La tatu nalikumbuka zaidi. Sauti ilikuwa safi, ila ilichelewa nyuma ya picha: gari lilipanda tuta, kioo kikaruka, barabara ikatulia, na baada ya yote hayo ndipo lilipokuja onyo, "Kijiko, shika kiti!" Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Niliona ni sisi kabisa. Sisi ambao kila jambo la maana tuliambiana tuta likiwa limeshapita.

"Picha usiiguse," Macho Manne akasema nyuma yangu. "Iache ilivyo. Chagua MP4, ubadilishe sauti peke yake."

Nikafanya hivyo. Na mume wangu akaongea kwa wakati wake. Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyoikumbuka, yenye mkwaruzo mwanzoni mwa sentensi, kama mlango unaoanza kufunguka. "Kijiko, shika kiti!" Kisha kishindo, kisha kicheko cha mtoto, kisha chake. Mwalimu alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya machoni, akaenda kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kwa wiki mbili nilihariri. Vipande kumi vilikuwa rahisi. Cha kumi na moja nilikuwamo.

Siku hiyo duka la dobi lilifunguliwa saa za baadaye, nikapanda nao. Inasikika namna ninavyomsema kabla hata tuta halijaonekana. Linapigwa. Kicheko hakipo. Mume wangu anakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, nami namwambia, "Basi usinikoholee, fungua dirisha." Ilikuwa siku mbili kabla ya homa. Baada ya hapo gari linasogea kimya kwenye foleni ya getini, na ule ukimya wote ni wangu. Halafu gari linasimama, naye anasema, kwa sauti ya chini, "Kijiko, mwambie mama tumefika."

Kwenye programu ile, mkasi ni kitufe kimoja. Nilipeleka kishale mwanzo wa kikohozi nikakirudisha, jioni tatu mfululizo. Kazi yangu ni kunyoosha. Hakuna mkunjo ninaouona nikaupita. Ningeweza kuondoa ukali wangu na kuacha maneno yake tu. Lakini kila nilipojaribu, maneno yale yalibaki yakining'inia kama nguo isiyo na kamba: kwa nini baba amtume mtoto, na mama ameketi pembeni yake? Nikarudisha kila kitu nilichokata. Nikaandika jina la kazi, nikahifadhi.

Jumapili asubuhi niliegemeza simu kwenye pasi iliyopoa, juu ya kochi, kando ya boksi la sabuni. Fomati ile, kwa bahati, hata simu yangu kuukuu iliikubali. Shemeji alikuwa mlangoni. Alikataa kuketi, alikataa pia kuondoka.

Barabara ikaanza kusogea. Kijiko alitazama akiwa ameshika kibanio kikubwa, hana habari kubwa, kama anayetazama barabara ya watu. Ukuta wa samawati ukatokea. Kabla sauti haijasema lolote, aliachia kibanio na kushika kingo za kochi kwa mikono yote miwili.

"Kijiko, shika kiti!"

Hakucheka. Alipeleka kichwa nyuma ya simu, kama anayemtafuta mwenye sauti, kisha akakirudisha. Nilimsikia shemeji akivuta pumzi mlangoni. Vipande kumi vikapita hivyo, tuta baada ya tuta, naye hakuachia kochi.

Kikaja cha kumi na moja. Alisikia ninavyosema. Alisikia kikohozi.

"Mama, ulikasirika," akasema.

"Ndiyo."

Tukaupitia ule ukimya pamoja. Ni mrefu zaidi ukiusikiliza na mtoto. Kisha gari likasimama kwenye skrini, na sauti nzito yenye mkwaruzo ikamtuma. Kijiko akanigeukia, kama alivyonielekea siku ile kutoka kiti cha nyuma, na uso ule ule wa mtu aliyepewa kazi.

"Mama," akasema, "baba anasema tumefika."

Kwenye simu sauti yangu ilimjibu, kavu, "Mwambie nimeona," dakika tatu zikaisha, na kioo kikawa cheusi. Yeye hakukitazama. Alikuwa bado amenikazia macho, mikono kwenye kingo za kochi, akisubiri nimpe jibu la kumpelekea.