Tundu Kando ya Kiti cha Nyuma

Yasini alifariki Jumamosi asubuhi, akiwa katikati ya kusafisha gari lake. Alilalamika kifua kinamuuma, akaweka brashi ya rangi kwenye ukingo wa dirisha la chumbani, akaingia kujinyoosha kidogo, na hakuamka tena. Alasiri walimzika. Brashi ilibaki palepale.

Mkewe Mwantumu akaanza kukaa eda katika nyumba yao ya Nachingwea. Kila alipofungua dirisha aliiona ile brashi, na mbele yake gari.

Lilikuwa gari linalotumia petroli na betri kwa pamoja. Miaka minne nyuma Yasini alilifuata Dar es Salaam likiwa limeshatembea kilomita laki mbili na elfu arobaini, na aliporudi nalo watu walimcheka hadi machozi. "Betri ikifa utaliwasha kwa kiberiti?" Hawakujua kwamba alikataa magari matatu kwanza. Wauzaji waliapa kwamba betri ni mpya. Yeye alivua kofia, akapiga magoti nyuma, akamulika tochi ya simu kwenye tundu la hewa kando ya kiti. Matatu yalikuwa yamejaa vumbi. La nne lilikuwa safi.

"Aliyekumbuka hapa," alimwambia Mwantumu kwa simu, "hakusahau kwingine."

Ile betri kubwa ilikaa nyuma ya kiti, na feni ndogo iliipoza kwa hewa iliyovutwa kupitia tundu hilo. Kwa vumbi la njia ya Ruangwa, alikopeleka abiria kila siku, Yasini aliifungua feni kila Jumamosi na kuipiga brashi taratibu, Mwantumu akimshikia tochi. Na hakuruhusu gunia kwenye kiti cha nyuma, hata msimu wa korosho.

"Mzigo kwenye buti, baba. Hapo gari linavuta pumzi."

Watu wa Malolo, kijiji cha njiani, wakambandika jina, Bwana Pumzi. Alicheka pamoja nao. Gari likapita kilomita laki tatu bila kulala njiani hata siku moja.

Siku ya tisa baada ya maziko, Bakary, mdogo wake Yasini aliyeliendesha gari tangu msiba, aliingia akiwa ameshika funguo kama kitu kilichomchoma.

"Shemeji, gari limekufa. Limewasha pembetatu nyekundu ya onyo, likaniachia watu barabarani, tukalivuta hadi hapa. Limemfuata mwenyewe."

"Sasa?"

"Kuna mtu Ruangwa ananunua magari ya kukata vipuri. Atakuja Alhamisi."

Faudhia, binti wa Yasini na Mwantumu, alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Baba yake alimfundisha kuendesha gari lile, na leseni yake ilikuwa bado mpya. Kazi ya abiria ilikuwa iwe yake. Alimtazama mama yake tu.

Mwantumu aliuliza polepole, "Siku hizi za msiba lilibeba nini, shemeji?"

"Watu tu."

"Na kabla ya watu?"

"Unga wa muhogo. Ndugu wa Likunja walichanga magunia mawili, ningeuacha?"

"Uliuweka wapi?"

"Kwenye kiti. Buti lilikuwa na kuni." Bakary alijikuna kisogo. "Moja lilikuwa limepasuka. Kidogo."

Kwa mara ya kwanza tangu maziko, Mwantumu nusura acheke.

"Halijafa hilo. Limepaliwa. Faudhia, kamwite Jastin."

Jastin alikuwa fundi wa sokoni, aliyejifunza magari ya aina hii kwa kumtazama Yasini. Alichomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, akasubiri dakika kumi umeme upoe, kama alivyofundishwa. Kisha akaita kuelekea dirishani.

"Mama Faudhia, naanzia wapi?"

"Kifuniko cha pembeni," Mwantumu alijibu nyuma ya pazia. "Klipu mbili, usilazimishe. Halafu utaiona feni."

Kisha Jastin akapiga ukelele.

"Mama! Humu kuna ugali!"

Unga ulikuwa umevutwa ndani, ukapata unyevu na kugandamana kwenye mapanga ya feni. Faudhia aliangua kicheko akaegemea ukuta. Bakary aliangalia viatu vyake.

"Kaka angenichapa," alisema.

"Asingekuchapa. Angekupa brashi usafishe."

Mwantumu alinyoosha mkono dirishani, akaichukua brashi. Nywele za brashi bado zilikuwa na vumbi la Jumamosi ile. Aliishika kwa muda. Kisha akaipitisha nje ya pazia.

"Shika, shemeji. Taratibu, usivunje mapanga."

Bakary alisafisha kwa saa nzima, magoti chini, jasho likimtiririka, Jastin akimwelekeza. Feni na plagi ziliporudishwa, Faudhia akakaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe. Gari halikunguruma, magari haya huwaka kimya. Lakini baada ya muda Mwantumu aliisikia feni ikivuma nyembamba nyuma ya kiti, mvumo uleule aliousikiliza miaka minne akiwa ameshika tochi.

"Pembetatu imezimika, mama!"

Bakary akatoa simu yake. "Ee, bwana, ile habari ya Alhamisi, usihangaike. Gari haliuzwi."

Eda ya Mwantumu imebaki miezi mitatu. Faudhia hupeleka abiria Ruangwa Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama yake humpitishia brashi dirishani, naye husafisha feni.