Laptopu Bubu ya Ziro

Ziro alipopoteza macho kwa presha, kilichomkata maini zaidi ni kibodi. Alikuwa karani wa mradi wa umwagiliaji, mtu wa kuandika barua huku akizungumza na wageni, na sasa vidole vile vimebaki kupapasa kioo cha simu. Simu yenyewe ilikuwa mwaminifu: kila alipogusa, sauti ilimtajia alichogusa. Lakini kuandika ukurasa mzima kwa kutafuta herufi moja moja ni kuteka maji ya Mto Tana kwa kijiko. Akijaribu kuiamuru kwa mdomo, ilisikia mambo yake. Wenje, jina la kijiji, ikawa "mwenye"; malka, njia ya ng'ombe, ikawa "malkia".

Ndipo redio moja ndogo ya Hola ikatangaza kwamba inatafuta waandishi wa vijijini. Mhariri wake, mwanamke aitwaye Valary, alimwambia kwenye simu, "Niletee habari moja kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Sauti sitaki, nataka maandishi."

Habari alikuwa nayo. Huko Wenje wakulima na wafugaji walikuwa wamekaa chini, wakakubaliana kufungua tena malka, ile njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni, ambayo mashamba yalikuwa yameimeza. Ziro alikwenda mwenyewe, mkewe Tamar amemshika mkono, akawasikiliza wa pande zote mbili. Alichokosa ni chombo cha kuandikia.

Nyumbani palikuwa na laptopu yake ya enzi za ukarani. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi haijafunguka. Akaipeleka Garsen kwa Abdinur, rafiki yake Muorma mwenye duka la kutengeneza simu.

"Hii mashini imezeeka, Bwana Ziro," Abdinur akasema. "Lakini dawa iko. Natoa hiyo mfumo ya zamani, naweka Android, kama ya simu. Iko watu wanatengeneza ya kompyuta, nyepesi sana. Ile sauti yako ya simu nayo inaingia. Wewe unapiga kibodi tu."

Ziro nusura amkumbatie.

Abdinur akapakua mfumo kwenye flashi, akafuta ule wa kale, akaweka mpya. Kufikia alasiri alikuwa anapiga kelele za furaha. "Imewaka! Angalia, Bwana Ziro! Kila kitu iko!"

Ziro akainama, akatega sikio. Alisikia feni tu.

"Inasema nini?"

"Haisemi. Sauti imekataa. Lakini picha ni safi kabisa."

"Picha itanifaa nini mimi?"

Wateja wakacheka. Ziro hakucheka. Kwao wao kompyuta ilikuwa imepona; kwake ilikuwa sinia lenye joto.

Abdinur akajaribu toleo jingine. Sauti ikaja, kibodi ikafa. Akajaribu jingine tena, likageuza kioo ubavu, akawa anafanya kazi amepinda shingo kama kuku anayesikiliza mwewe. Na kila siku Ziro alipokuja dukani aliambiwa neno lile lile: "Imebaki kidogo." Akalichukia neno "kidogo" kuliko tusi. Mwishowe Abdinur alirudi kwenye toleo la kwanza, akaichomekea laptopu visikizi vya USB, na sauti Ziro anayoijua ikamwambia masikioni, "Skrini ya kwanza." Ziro akaushika mkono wa rafiki yake asiuachie.

Sauti ilikuwa inataja kila herufi aliyoipiga, ikimkata mawazo. Akamwomba Abdinur aizime, iwe inasoma pale tu inapoamriwa. Kisha akaibeba laptopu nyumbani.

Jumatano baada ya chakula akaketi mezani. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Alipomaliza aya ya kwanza akasita, akikaa muda mrefu kutafuta namna ya kuyaeleza maneno ya mzee mmoja wa Kiorma kuhusu maji na mahindi. Alipoyapata, akaendelea bila kunyanyua kichwa. Akaandika kuhusu akina mama, mpaka mpya na ng'ombe wa kwanza kupita. Jua lilikuwa linateremka alipobonyeza aisomewe yote.

Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Mama Kabibi! Hebu njoo uniangalizie."

Tamar akaja na unga mikononi. "Mbona kioo ni cheusi, Baba Kabibi?"

"Cheusi vipi?"

"Cheusi. Kimezimika."

"Tangu lini?"

"Nilipopita na kuni kilikuwa hivi hivi. Nilidhani ndivyo unavyotumia. Wewe kioo si hukihitaji?"

Mashine ilikuwa imelala pale aliposita, na ikishalala haiamki. Mchana kutwa alikuwa ameiandikia maiti. Walipoizima na kuiwasha upya, aya ya kwanza tu ndiyo iliyokuwapo. Ziro hakula usiku huo, wala hakutaka kusemeshwa.

Asubuhi akaenda Garsen, akaitua laptopu mezani kwa kishindo.

"Umenipa kitu gani, Abdinur? Kinakufa mikononi mwangu na hakiniambii!"

"Wiki nzima mimi nagombana na wateja sababu ya hii mashini yako!" Abdinur naye akapandisha. "Sasa unataka nini?"

"Kitu kinachoandika na kusema! Basi!"

"Kinachosema si iko mfukoni yako?"

Maneno yake mwenyewe yakamzindua Abdinur. Ziro akasikia droo ikivutwa na vyuma vikipekuliwa. Abdinur akamwomba simu, akaichomekea waya mfupi, na kwenye waya akaunganisha kibodi yake ya kujaribia kompyuta.

"Piga."

Ziro akaandika jina lake. Simu ikamsomea: "Ziro."

Badala ya furaha, damu ikampanda kichwani. "Hii kibodi ilikuwa hapa siku zote?"

"Ilikuwa."

"Na hukusema?"

"Wewe ulisema kompyuta. Mimi nikafikiria kompyuta."

Ziro akaipapasa ile kibodi. Ni kweli alitaka kompyuta. Alitaka kuketi nyuma yake mezani kama zamani, watu wamkute hivyo.

Akaandika upya pale pale kwenye benchi, kibodi magotini, kelele za wateja pembeni. Mengi yalirudi. Yale maneno ya mzee, yaliyomgharimu kusita kule, yalirudi yamechuja, na kila alipoyaonja aliona kuwa ya jana yalikuwa matamu zaidi. Ijumaa, Abdinur akifunga duka kwenda msikitini, habari ikatumwa.

Jibu la Valary lilifika jioni, simu ikalisoma kwa sauti yake isiyo na moyo: "Habari nzuri sana. Tutaisoma Jumatatu. Ila ni ndefu, ipunguze nusu."

Ziro akafyonza, akaivuta kibodi, akaanza kukata.