Kitenge cha Leonida na Helikopta ya Olduvai

Zuena, mwenye duka la nguo hapa Karatu mjini, aliniambia korongo la Olduvai lina pumzi. Alisema helikopta ikipita juu yake huvutwa chini kama ndoo kisimani, kwa sababu ya mifupa ya watu wa kale iliyolala mle. Yeye alisikia kwa dereva wa lori, na dereva alisikia kwa mtu wa Loliondo. Nilimcheka. Lakini nilipofika nyumbani maneno yale yalikuwa yamefika kabla yangu.

Binti yangu Leonida alikuwa amepata kazi kiangazi kile, mwaka wa themanini na nne. Helikopta ilikuja kwa majuma matatu, ikawa inaruka kutoka kiwanja cha mpira, na yeye na wenzake wanne walichaguliwa kuwaeleza wageni habari za korongo wakiwa angani. Jioni tukipukuchua mahindi alifanya mazoezi kwangu, ananigeuzia maneno yake ya Kiingereza kwa Kiswahili. Korongo lina urefu wa karibu kilomita hamsini, na kina chake kuna mahali kinafika mita tisini. Zamani palikuwa na ziwa. Kuta zake ni tabaka juu ya tabaka, na la chini kabisa lina miaka kama milioni mbili. Mwaka wa hamsini na tisa lilipatikana humo fuvu la kiumbe anayefanana na mtu, lenye magego makubwa. Na jina limetoka kwenye mkonge mwitu, Wamaasai wanauita oldupai, wanasokotea kamba.

"Mgeni wangu huulizi swali?" akanitania.

Swali langu lilikuwa moja, la ile pumzi. Nikauliza.

"Mama, hiyo ni pumzi ya Zuena," akasema, akaendelea kupukuchua.

Sasa, marehemu mama yangu alitufundisha kwamba anayekwenda penye mifupa ya watu hufunikwa mabegani kwa nguo ya mama yake, asije akabaki huko. Asubuhi ya safari yake ya kwanza nikamvika kitenge changu kipya, kile nilichokipangia foleni siku mbili kwenye duka la ushirika. Nikafunga fundo kifuani, nikamwambia asikivue mpaka arudi. Akasema fundi wa helikopta amewakataza nguo zinazopepea. Nikamjibu kuwa fundi hakumzaa. Akaficha ncha zake ndani ya koti.

Nilisimama penye goli pamoja na watu wengine. Panga kubwa la juu ya helikopta lilikuwa tayari linazunguka. Leonida akainama kama alivyofundishwa, akawa anakwenda. Upepo ukafungua koti, ukafungua na fundo langu. Kitenge kikapaa, kikaenda nyuma, panga dogo la mkiani likakinasa. Hapakuwa na kishindo. Niliona tu vipande vya rangi ya chungwa vinatawanyika kwenye nyasi. Rubani akazima injini. Fundi Abbasi alikuwa amemlaza Leonida chini, kiganja chake juu ya kichwa cha mwanangu.

Josephati, msimamizi wao, akauliza nguo ile ni ya nani. Leonida akasema ni yake. Josephati akamwambia avue beji, arudi nyumbani.

Nililiogopa korongo la mbali, kumbe hatari nimeifunga fundo kwa mikono yangu. Nikaingia kiwanjani.

"Kitenge ni changu. Alikataa, nikamlazimisha."

Josephati akaniangalia. "Mama Leonida, ulikuwa unamkinga na nini?"

"Na mifupa."

Watu wakacheka, hata rubani baada ya kuelezwa. Josephati hakucheka. Alisema Leonida atarudi kazini helikopta ikishakaguliwa. Ila wale wengine wanne nao wana mama zao, na mama hao hawamsikilizi msimamizi, wanasikilizana wenyewe. Basi niandike mimi makatazo ya helikopta, nibandike mlangoni kanisani na dukani kwa Zuena. Nilimwambia nimeishia darasa la nne. Akasema linatosha.

Fundi kutoka Arusha aliikagua helikopta siku mbili. Siku ya tatu Leonida akaruka, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Nilikaa pale golini mpaka mlio uliporudi. Nikamuuliza ameona nini.

"Ni kama ule ufa wa ukuta wa jiko letu, mama. Mbuzi wa Wamaasai wanashuka mle na kupanda. Hawavutwi."

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mwanao akienda kwenye helikopta:

Asivae kitenge, khanga, mtandio wala kofia isiyofungwa.

Asisogee kabla fundi hajamwita.

Asipite upande wa mkiani, hata kama imezimwa.

Asinyanyue mkono wala fimbo juu ya kichwa.

Usianike nguo wala mahindi karibu na kiwanja.

Usimwite jina akiwa anaielekea, atageuka.

Usimvike alichokwisha kukatazwa.