Zamu ya Mtungi

Alichokiona Mtungi kwanza ni mto wa kiti. Mto wa bluu wa shangazi, ule wa kuegemezea kiuno chake kibovu, ulikuwa umetolewa kwenye kiti cha mbele na kuwekwa kwenye benchi la ukutani, pale alipozoea kukaa Mtungi. Kiti cha mbele kilibaki kitupu, kimefutwa vumbi mpaka miguuni.

Akaelewa. Kiti kile leo aliwekewa yeye.

Watu walikuwa wameshaanza kuingia na kuvua viatu mlangoni. Kila Jumamosi alasiri chumba cha kushonea kiligeuka chumba cha maombi. Vyerehani viwili vilifunikwa, sare za shule zilizokwisha kushonwa zilitundikwa juu, na watu kumi wakajibana kati ya meza ya kukatia na ukuta. Mlango ulikuwa mmoja. Ukishakaa kule ndani, hutoki mpaka watu watano wasimame wakupishe.

“Bwana asifiwe, Mtungi,” alisema fundi umeme akijipenyeza. Yeye ndiye aliyempa jina hilo. “Leo naona mambo ni makubwa. Kiti kinang'aa kama cha kinyozi.”

“Kaa huko, mzee wa nyaya,” nesi akamwambia. “Usimtie mtoto wa watu presha.”

“Mtungi hapati presha, dada. Ukimtilia neno leo, mwakani unalikuta vilevile, halijavuja hata tone.”

Wakacheka, hata shangazi. Mtungi naye akatabasamu, huku macho yake yanahesabu magoti yaliyokuwa kati yake na mlango.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Baada ya kusoma Neno, waligawanyika wawili wawili kuombeana kwa dakika kumi, kila mtu tano. Zikiisha, shangazi aligonga meza kwa rula ya mbao. Na kila mtu alitaka kuomba na Mtungi, kwa sababu hakukatiza mtu maneno, hakutoa ushauri, wala hakubeba habari kwenda nayo kisimani. Fundi umeme, na mizaha yake yote, aliwahi kumlilia kwa ajili ya mwanawe asiyempa hata salamu. Muuza mayai alimweleza mambo ya ndoa yake ambayo hata mama yake mzazi hakuyajua. Nesi alimweleza ya mgonjwa mmoja, akarudia tena mwezi uliofuata.

Kila mara, mwenzake alipomaliza na kupenga kamasi, rula iligonga meza.

“Aa, jamani, muda umetukimbia,” walimwambia. “Wiki ijayo tunaanza na wewe.”

Wiki iliyofuata alikuwa ameshachukuliwa na mwingine. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Sasa kikundi kilikuwa kimefurika, ikabidi nusu yake ihamie sebuleni kwa nesi, na huko kulihitajika kiongozi. Juzi Mtungi alimsikia shangazi akiongea na mchungaji kwenye simu. “Wote wanamkimbilia yeye. Huyo Mungu ameshamwandaa, sisi tunathibitisha tu.” Mtungi alikuwa palepale anashona vifungo. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Angesemaje hapana? Kumkatalia mbele ya watu shangazi aliyemlea ilikuwa sawa na kumvua nguo sokoni. Na kukubali ilikuwa kukaa kwenye kiti kama kile kila Jumamosi akiwapokea wengine watano, kisha wengine. Kwa jinsi alivyokiona, kile kilikuwa kiti cha mtu asiye na shida. Ukishakikalia, nani atakuuliza tena?

“Leo Mtungi ataomba na mimi,” shangazi alitangaza baada ya somo. “Kiongozi mpya huandaliwa na wa zamani. Tukimaliza, tutamwekea mikono.”

Wakageuziana magoti. Mguu wa meza ulimkaba Mtungi upande mmoja, goti la shangazi upande wa pili. Shangazi akaanza. Akataja kiuno, akataja macho yasiyoona tena tundu la sindano. Kisha sauti ikalegea.

“Nilimwahidi kaka yangu kabla hajafa kwamba nitakulea. Leo nikikutazama, mwanangu, nasema baba yako akifufuka hatanidai kitu.” Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatazama saa ya ukutani, akaokota rula mapajani. “Haya. Tusimame, watu wanangoja.”

Mtungi akaweka kiganja juu ya rula.

“Shangazi, bado zamu yangu.”

“Zamu ya nini?”

“Ya kuombewa.”

Pembeni, fundi umeme aliacha kuomba, akafumbua jicho moja. Shangazi akamkazia macho mpwa wake kama anayetafuta mshono uliofumuka.

“Basi sema upesi. Tukuombee nini? Ujasiri?”

Angeitikia tu, mambo yangekwisha vizuri. Mikono ingewekwa, amina ingesemwa, naye angekalishwa mbele. Na wala usingekuwa uongo, kwani ujasiri aliuhitaji. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, likatoka lile lililokuwa chini yake.

“Nilipokuwa darasa la sita uliniambia nikae nyumbani mwezi mmoja, oda ya sare iishe. Daftari langu la hesabu nililiacha wazi, nikijua narudi. Nikawa nangoja useme nenda shule, hukusema. Ni miaka minane, shangazi, na bado nina hasira na wewe. Kila Jumamosi nawaombea hawa wasamehe watu wao, na mimi sijakusamehe.”