Shokapu za Aune Pokka

Shokapu ya tatu ilipovunjika, Oula Länsman hakupiga simu. Aliifunga pikipiki yake ya theluji kamba nyuma ya pikipiki ya jirani, ikakokotwa kilomita kumi na nne, akaiacha mlangoni kwa Aune Pokka ikiwa imelalia ubavu. Kisha akaingia ndani, akavua kofia, akaketi kusubiri kahawa. Kwa mtu wa kwao, huko kulikuwa kugombana.

Aune ndiye mwanamke aliyekuwa fundi wa hizo pikipiki pale kijijini kwa miaka thelathini na mmoja, na Oula, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Aliitazama mashine kupitia dirishani. Shokapu ya mbele, ule mtungi mwembamba wa oili unaomeza mashimo ya njia ili kiuno cha dereva kisiyameze, ilikuwa imepinda na kuvuja, sawasawa na mbili zilizoitangulia.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," Oula alisema alipofika kikombe cha pili, akivua kipande cha jibini alichokizamisha kwenye kahawa, kama ilivyo desturi ya kwao. "Lakini Jumatatu ijayo tunaanza kuwahamisha kulungu kwenda kwenye malisho ya kuzalia. Nikikwama huko juu watanipata mwezi wa sita."

"Hata kulungu watashukuru. Watapumzika na maneno yako."

"Mjini Ivalo kuna fundi. Ana kompyuta."

"Kompyuta inakaza bolti?"

"Sijui. Najua pikipiki zake hazirudi kwa kamba."

Hapo Aune aliweka kikombe chini, maana jambo lilikuwa kubwa kuliko utani. Oula alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji wa kulungu, na ushirika ulikuwa na pikipiki ishirini na mbili. Akihamia Ivalo yeye, wote wangehamia, na Aune angebaki na mashine za kukatia nyasi katika nchi ambayo nyasi huonekana miezi miwili kwa mwaka. Aliomba apewe hadi Jumamosi. Oula akakubali: jozi moja zaidi ya shokapu, ya mwisho.

Mwenye hatia Aune alikuwa ameshampata zamani. Shokapu hizo hazikuwa za kiwanda kilichotengeneza pikipiki. Zilitoka kwenye kiwanda kidogo cha mjini Oulu kilichoziuza kwa sifa kwamba ni imara kuliko zile za asili, na yeye mwenyewe ndiye aliyemshawishi Oula azinunue. Kwa hiyo alikuwa na hasira mara mbili. Alikuwa ameshawaandikia wenye kiwanda barua tatu, ya tatu ikiwa haina salamu. Kisha akabandika tangazo kwenye ubao wa duka la kijiji, kati ya ratiba ya kwaya na picha ya mbwa aliyepotea: "Msinunue shokapu za Oulu. Ni takataka. A. Pokka." Kijiji kile hakikuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya ukumbi wake, lakini kwenye tangazo hilo kilikuwa kitu kimoja.

Isisemekane kwamba hakuchunguza. Alimpima Oula uzito kwenye mzani wa kupimia nyama, akagundua ameongezeka kilo sita, akamwambia hivyo mbele ya mkewe. Alimfuata nyuma siku nzima akiandika kila shimo alilopita. Aliligonga bomba la shokapu kwa nyundo na kulisikiliza kama daktari. Kila kitu alikishuku isipokuwa kimoja, na hicho hakikumpitia akilini hata kwa bahati mbaya.

Jumatano kiwanda kilituma mtu. Alikuwa mhandisi, Mirva Tolonen, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye begi la vifaa safi kiasi cha kumuudhi Aune tangu mlangoni. Mirva alikagua bolti, akapima pembe, akaangalia jinsi shokapu zilivyofungwa kwenye pikipiki. Akasema kazi ni nzuri, haina kasoro. Aune akasema anajua. Mirva akauliza habari za oili. Aune akajibu kwamba kila shokapu mpya huifungua, humwaga oili ya kiwandani na kutia nyepesi inayofaa baridi ya kwao. Mirva akasema hivyo ndivyo kiwanda kinavyoshauri. Wote wawili wakakasirika kidogo, kwa kuwa hapakubaki cha kubishania.

Ndipo Mirva akaikata kwa msumeno ile iliyovunjika. Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe, mfano wa maziwa, na sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imechanikachanika.

"Kuna maji humu," Mirva alisema.

"Yametoka kwenu," Aune akajibu. "Ninyi ndio mnaokaa pwani."

Walibishana hadi saa kumi alasiri, kila mmoja kwa sentensi tano hivi. Lakini mgeni aliyesafiri kilomita mia tano haondoki bila kuoga sauna, kile chumba cha mvuke wa mawe ya moto, hata kama ni mgeni wa shari, na mama yake Aune angefufuka kaburini kama jambo hilo lingetokea. Aune akaenda kukoka moto. Akatandika taulo, akatia maji kwenye ndoo, akamkaribisha mgeni wake kwa uso uliokunjwa.

Mirva alipanda benchi la juu, akaketi, akaruka. Alikuwa amekalia chuma cha moto. Aligeuka, akakuta jiliwa kubwa, chuma cha fundi cha kubania vifaa, limefungwa kwa bolti nne pale penye nafasi nzuri kuliko zote. Kando yake, kwenye rafu ya sabuni, spana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, na kopo la oili limekaa jirani na kata ya maji.

Moto ulikuwa ukilia taratibu.

"Hili jiliwa ni la nini?" Mirva aliuliza.

"La shokapu."

"Unazifungia humu?"

"Wewe ungezifungia wapi? Hita ya gereji ilikufa mwezi wa kumi na moja. Huko oili inakuwa asali, sili zinagoma. Humu zinateleza zenyewe."

"Joto kiasi gani?"

"Themanini. Nikiwa na haraka, sabini."

Mirva akauliza, kwa sauti ya kuogopa jibu, kama kuna mtu anayemwaga maji kwenye mawe wakati kazi ikiendelea. Aune alifungua mdomo aseme hapana. Yeye hakuwa mwendawazimu wa kumwaga maji huku shokapu ikiwa wazi. Lakini kila mara Oula alikuja kusubiri shokapu zake humo humo, ameketi benchi la chini na soseji yake mkononi, na hakuna aliyewahi kumweka Oula karibu na mawe ya moto akaweza kumzuia asimwage maji. Alimwaga kata baada ya kata, akieleza matatizo ya ushirika.

Mirva alichota kata moja, akamwaga. Mawe yakapiga kelele, mvuke ukawafunika, na ulipotulia Aune aliona tone la maji likitambaa kwenye taya la jiliwa, likining'inia pale hasa ambapo mdomo wa shokapu hukaa wazi, likadondoka.

Mengine Mirva alimweleza kwa ufupi. Oili ya moto imevimba; ukiijaza hadi pomoni humu, ikitoka nje kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri inasinyaa na kuacha pengo, na shokapu yenye pengo inapiga chuma kwa chuma. Na yale maji yanakuwa barafu, yanakata sili.

"Barua tatu," Mirva alisema. "Hukutaja sauna hata mara moja."

"Ningetajaje? Ni sawa na kutaja kwamba nilikuwa nimevaa soksi."

Aune aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ayakumbuke maneno yake yote kwa mpangilio. Mirva, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwamba kiwanda kingeweza kuleta jozi mpya na barua inayosema chanzo hakikujulikana. Hakuna mtu angejua. Lakini jozi ya mwisho, ambayo Aune aliifunga humo humo saunani Jumanne, ilikuwa tayari kwenye boksi lenye jina la Oula, na ndani yake bila shaka kulikuwa na maji ya kutosha kumvunja shemeji yake kiuno huko mlimani.

Alhamisi waliifungua na kuifunga upya, wawili hao, juu ya meza ya jikoni, kwenye joto la kawaida la binadamu. Mirva akaenda zake. Alisahau begi lake safi mlangoni, akarudi kulichukua, na safari hiyo Aune akampa samaki wa kukaushwa.

Jumamosi Aune alikwenda dukani. Alitembea taratibu, na mbele ya ubao alisimama muda mrefu, akiwaza habari ya ile barua ya kiwanda ambayo ingemwokoa. Kisha akabandua tangazo lake na kuandika jipya, kwa herufi zile zile kubwa: "Shokapu za Oulu ni nzima. Nilizifungia sauna. Kosa ni langu. A. Pokka." Watu wawili waliotoka kununua maziwa walisoma, wakatazama viatu vyao. Pikipiki ishirini na mbili, Aune alifikiri.

Oula aliingia akikung'uta theluji. Alisoma tangazo kwa kusogeza midomo, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua kalamu mkononi mwa Aune bila kumwangalia, akaandika chini yake: "Aliyemwaga maji ni mimi. O. Länsman."

"Shokapu ziko wapi?" aliuliza.

"Jikoni."

"Kavu?"

"Kavu."

Oula akamrudishia kalamu. "Basi nakuja kuzichukua jioni. Nije na soseji?"

"Njoo nayo," Aune alisema. "Utaila nje."