Inchi za Mlingoti

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, fundi cherehani alimwambia mumewe asimame wima, kwa kuwa suruali aliyomshonea mwezi uliopita ilikuwa inaburura sakafuni. Alidhani kiuno ndicho kimelegea. Akapima kiuno, kikawa kilekile. Akapiga magoti, akashusha futi yake ya njano kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akasoma mara mbili. Kisha akapanda juu ya stuli, akampima mzima mzima kutoka utosini. Akafungua daftari lake la vipimo. Humo kiuno huandikwa kwa penseli, maana viuno vya watu huja na kuondoka, lakini urefu wa mtu mzima huandikwa kwa kalamu ya wino. Daftari lilisema inchi themanini na nne. Futi ilisema themanini.

"Umepungua inchi nne," alisema.

"Nne, eh?" Mumewe alifikiri kidogo. "Basi ndizo hizo. Juzi Jumamosi nilikosa mipira minne."

"Kwani kukosa umeanza juzi?"

"Siku zote nakosa kwa bahati mbaya, Mama Kidoti. Hiyo minne niliikosa kwa kutaka."

Fundi alijaza pini mdomoni akaanza kukunja pindo. Pini ya tatu ilimchoma mumewe kwenye kifundo cha mguu.

Mume huyo alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, senta, yule anayesimama chini ya goli na kufunga. Kila mtu alimwita Mlingoti, hata mama yake mzazi. Timu yake ilikuwa ya kwanza kwenye msimamo wa ligi, na mtoano ulikuwa unakaribia. Kwenye mtoano, wa kwanza hucheza na wa nane, wa pili na wa saba. Kwa kawaida wa nane ni mteremko. Lakini mwaka huo timu ya nane ilikuwa na majitu matatu yaliyokaa nje nusu msimu kwa majeraha, na magazeti yalisema yamepona. Hakuna aliyetaka kukutana nayo. Kocha na mpiga hesabu wa timu walijifungia ofisini siku mbili, wakatoka na uamuzi: wapoteze mechi zilizobaki, washuke hadi nafasi ya pili, wampate wa saba, ambaye ni laini. Wachezaji wengine waliagizwa wampe Mlingoti mpira. Mlingoti aliagizwa akose.

"Na kuanzia nyumbani je?" fundi aliuliza, pini zikiwa bado mdomoni. "Si wa kwanza ndiye anayeanzia nyumbani mpaka fainali?"

"Nilimuuliza kocha hivyohivyo. Akasema uwanja haufungi magoli."

Jumatano alikosa mipira sita. Jumamosi, mitano. Fundi alikuwa anampima kila asubuhi kwenye fremu ya mlango wa chumba, palepale alipokuwa anampima binti yao, Kidoti, mwenye miaka saba. Alama za Kidoti zilikuwa zinapanda polepole kwa chaki nyekundu. Za baba yake zilikuwa zinashuka kwa chaki nyeupe, tena mbio. Mama yake Mlingoti, ambaye alikaa nao na kushinda kwenye kiti cha pembeni akichambua mchele, alizitazama alama zile kwa miwani na bila miwani.

"Bandu bandu huisha gogo," alisema. "Mimi mwanangu nilimzaa kwa taabu kwa urefu huohuo. Leo wanamchonga tu."

Kidoti alimsikia bibi yake. Kuanzia siku hiyo akawa anatembea ndani ya nyumba amekunja magoti, na chakula akawa anakiacha nusu. Mama yake alipomuuliza ana nini, alisema hataki kukua kwanza. Anamsubiri baba.

Fundi aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Alipokuwa anakata kitambaa cha mteja alikikata mahali pasipo mstari, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ajifunze kushika mkasi. Akafunga cherehani, akavaa viatu vya kutokea, akaenda klabuni.

Kocha alimpokea vizuri. Alimpa kiti na maji ya kunywa. Alikuwa mtu mpole mwenye filimbi shingoni, na habari za inchi alizijua zote.

"Daktari wetu ameziandika," alisema. "Tatizo ni kwamba urefu haumo kwenye orodha ya majeraha, dada yangu. Goti lipo, nyonga ipo, bega lipo. Urefu haupo. Nikimpumzisha nitaambiwa nimempumzisha kwa nini?"

"Si umwambie afunge tu, basi? Mchukue hiyo nafasi ya kwanza mliyoihangaikia msimu mzima."

Kocha alimwita mpiga hesabu. Huyu alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi kali, mwenye kompyuta aliyoikumbatia kama sinia la chai. Akaifungua, akaeleza kwa adabu: tukiwa wa kwanza na kukutana na wa nane, nafasi ya kuvuka ni asilimia hamsini na nne. Tukiwa wa pili na kukutana na wa saba, asilimia sitini na mbili. Fundi alizitazama zile namba. Hesabu za asilimia hakuzijua, lakini vipimo alivijua.

"Hapo kwenye sitini na mbili," alisema, "mume wangu ana urefu gani?"

Kijana alitafuta. Alitafuta kwa muda.

"Futi saba," alisema.

"Leo asubuhi alikuwa na futi tano na inchi tisa."

Kijana alimtazama kocha. Kocha akaitazama filimbi yake. Kisha kijana akasema kwamba takwimu ni za mwanzo wa mwezi, na kwamba katikati ya msimu mfumo haupokei urefu mpya. Kocha akamshukuru fundi kwa kufika, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwomba awasalimie nyumbani.

Jioni hiyo mumewe aliketi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane miguu yake ilienea yote chini ya meza.

"Jumapili funga," fundi alimwambia. "Nakuomba. Kila mpira utakaopewa, utie ndani. Wakikufukuza wakufukuze."

"Wakinifukuza nani atanichukua? Senta wa futi tano na inchi tisa, Mama Kidoti? Nikawaambie nini? Nilikuwa mrefu?" Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Ningekataa siku ile ya mipira minne. Siku ile nilikuwa na timu tano zinanitaka. Sasa maji nimeshayavulia nguo."

"Na ukiisha?"

Mama yake Mlingoti aliacha kuchambua mchele. Kidoti, magoti yamekunjwa, aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na alama zote za chaki kwenye fremu zikaonekana.

Jumapili mchana ilikuwa mechi ya mwisho, ya kwanza dhidi ya pili, timu zote mbili zikiwa na ushindi sawa. Atakayeshinda atakuwa wa kwanza na atakutana na timu ya nane. Atakayefungwa atakuwa wa pili. Fundi aliketi safu ya tatu na futi yake mkononi, akagundua mapema jambo ambalo kocha alilijua tangu Ijumaa: wale wengine nao walikuja kufungwa. Wao pia walikuwa na senta, jina lake Ngazi. Wao pia walikuwa wameagizwa.

Robo ya kwanza Mlingoti alikosa mipira minne na Ngazi mitano. Robo ya pili mambo yakachacha. Mlingoti alipewa mpira akiwa peke yake chini ya goli, akaurusha nje ya ubao, akashuka inchi moja. Ngazi akaudaka, akakimbia nao hadi upande wa pili, akaupiga ukingoni mwa goli, akashuka inchi moja. Watu walitazama simu zao waone msimamo unasemaje. Mtangazaji wa uwanja alikuwa anatangaza kwa sauti ileile anayotangazia vinywaji: "Mlingoti, amekosa, sasa futi tano na inchi moja." Refa hakupuliza filimbi. Sheria haikatazi kukosa.

Fundi alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya. Jezi ya mumewe ilikuwa imefika magotini. Mara mbili alisimama akaita, "Baba Kidoti, inatosha!" Watu wa nyuma wakamwambia akae, hawaoni. Mumewe alimtazama mara moja. Uso wake ulikuwa uleule, wenye upendo uleule, ila uko chini zaidi. Fundi alitamani kuruka vile viti amchukue mgongoni waende zao. Hakuruka.

Sekunde zilikuwa zimebaki nane, matokeo sare. Ngazi, ambaye sasa alikuwa anafika kiunoni mwa refa, alipewa mpira akaurusha ovyo akiwa amefumba macho. Kwa ule ufupi wake, mpira haukuwa na njia ya kwenda popote isipokuwa juu. Ukagonga ubao, ukazunguka ukingo mara mbili, ukaingia. Ngazi alikaa sakafuni akaangua kilio. Timu yake ilikuwa imeshinda. Benchi la akina Mlingoti likarukaruka kwa furaha na kocha akapigwa picha.

Fundi alimpima hapohapo, pembeni ya uwanja, watu wakipita. Mipira ishirini na minne. Inchi arobaini na tano. Kidoti alikuwa na arobaini na sita.

Alimbeba mkono mmoja mpaka nyumbani, na begi lake la viatu mkono wa pili.

Mtoano ulipoanza, timu ya saba haikuwa na mtu wa kumwogopa chini ya goli, ikawatoa akina Mlingoti kwa mechi nne mfululizo. Timu ya Ngazi, iliyoingia nafasi ya kwanza kwa ajali, ilikutana na ile ya nane, ikavuka kwa mechi tano, zikiwemo tatu za nyumbani. Yale majitu matatu yalikuwa yamepona magazetini tu. Magoti yao hayakuwa na habari. Kocha aliulizwa kwenye televisheni kama bado anaamini mpinzani laini ni bora kuliko nafasi ya kwanza. Alisema hesabu ilikuwa sahihi, kilichokosekana ni utekelezaji, na kwamba mwakani watatekeleza vizuri zaidi. Klabu haikumwongezea Mlingoti mkataba. Barua ilitaja sababu: urefu.

Hakupungua tena. Alijifunza kushona vifungo, akawa na mkono mwepesi kuliko mkewe. Mama yake alimkatia kanzu za zamani. Kidoti alirudi kula vizuri, kwa kuwa bibi alimwambia kwamba kukua si matusi, lakini akiwa karibu na baba yake magoti bado huyakunja kidogo, na baba yake hujifanya hajaona.

Mwezi wa kwanza wa msimu mpya kijana mmoja aliinama mlangoni mwa duka la fundi akaingia. Alikuwa senta mpya wa klabu. Alitaka suruali mbili, maana madukani hazipatikani. Alikuwa na furaha, akasalimia kila mtu shikamoo, hata cherehani karibu aiamkie.

Fundi akapanda stuli, akaweka mwanzo wa futi utosini. Mlingoti alishika mwisho wake wa chini, kisiginoni, akauvuta vizuri bila kuhitaji kupiga magoti.

"Kocha anasema mwaka huu tutaongoza ligi," kijana alisema.

"Na mkishaongoza?" Mlingoti aliuliza kutoka chini.

"Sijui, kaka. Kocha atasema."

"Mtoto wa watu, nisikilize. Siku ya kwanza atakayokuambia ukose..."

"Nitafanya atakachosema," kijana alisema, kwa heshima zote. "Nina mkataba."

Fundi alisoma futi mara mbili: themanini na tano. Akashuka, akafungua daftari, akachukua kalamu ya wino. Akaitazama, akairudisha kwenye droo, akaandika urefu kwa penseli.