Ukingo Uliomezwa

Pale karakana walimwita Nukta, kwa sababu hakuweza kutaja kipimo bila kutaja na tarakimu zinazofuata nukta. Ndiye aliyekuwa msanifu wao. Karakana ilikuwa ya mjomba wake, nayo ilitengeneza vifaa vya hospitali: vyuma vya kuungia mifupa, viungo bandia, vipuri vya vitanda. Siku hiyo mezani kwake kulikuwa na bamba la taya, na taya lenyewe lilikuwa la mkaza mjomba.

Mkaza mjomba alikuwa amelazwa. Uvimbe ulikuwa umekula mfupa wa upande mmoja wa uso, na kesho yake daktari bingwa angeutoa pamoja na kipande cha taya, kisha aweke bamba la titani mahali pake. Daktari huyo alikuwa mgeni. Akimaliza zamu anaondoka, na hakuna aliyejua angerudi lini. Mashine nayo ilihitaji mchana kutwa kulichonga bamba. Faili la mchoro lilitakiwa liwe kwa fundi wa mashine asubuhi ile ile.

"Limeisha?" mjomba alichungulia tena mlangoni. Hakuwa amelala, ungeyaona macho yake.

"Nalikagua, mjomba."

"Jana si ulisema limeisha?"

"Limeisha. Nalikagua tu."

Akalizungusha bamba kwenye skrini, tundu baada ya tundu. Ndani ya kila tundu kulikuwa na ukingo mwembamba ambao kichwa cha skrubu hukalia. Alipofika tundu la nyuma kabisa, karibu na sikio, akaacha kuzungusha. Ukingo haukuwepo. Tundu lilikuwa limenyooka kama bomba. Skrubu ingepenya moja kwa moja isishike kitu.

Alikuwa ameuchora mwenyewe, kwa mkono wake. Akauchora tena, programu ikaumeza tena. Ndipo akili ikamrudia. Jana alikuwa ameingiza picha ya fuvu zima ili alifinyange bamba lifuate mfupa. Na programu ile, kama ilivyowekwa, ilipima usahihi wake kwa ukubwa wa kazi nzima: kazi ikikua, na vitu inavyovidharau vinakua. Ni kama mtu aliyepanda ghorofani kutazama mtaa. Nyumba anaziona, kokoto hazioni. Ukingo wa skrubu ulikuwa umegeuka kokoto. Kuliondoa fuvu hakuweza, maana upande wa ndani wa bamba ulikuwa umeshikana nalo.

Akafungua mipangilio, akafika kwenye kiwango cha usahihi. Alitaka kiwe kipimo kimoja kisichobadilika, kidogo kuliko ukingo, hata kazi ikiwa kubwa vipi. Programu ikamwonya kwamba kila kitu kingejengwa upya tangu mwanzo. Akahifadhi nakala ya kazi ya zamani pembeni, akabonyeza.

Kompyuta ikaanza kuvuma. Skrini ikatulia tuli. Kisha mistari ikaanza kuwa myekundu, mmoja, mwingine, mpaka nusu ya bamba ikatoweka machoni pake.

"Umefanya nini?" Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, hakumsikia akiingia.

"Nimebana usahihi. Nimebana mno."

"Bamba liko wapi?"

"Lipo, mjomba. Programu sasa inaona hata mianya ya picha ya fuvu. Mwanzo iliihesabu kuwa imefungwa, sasa inakataa kujenga juu yake."

"Sijui mianya mimi. Rudisha lile la jana."

"Lile la jana skrubu ya nyuma haishiki."

"Si zipo nyingine?"

"Hiyo ndiyo inayobeba taya akitafuna."

"Daktari ataikaza!"

"Akaze kwenye nini? Hakuna cha kukazia."

Fundi wa mashine akatokea mlangoni, mikono imejaa mafuta. "Dada, mashine iko tayari. Tukichelewa hapa leo halitoki." Akawatazama wote wawili, hakuondoka.

Mjomba akainama. Alikuwa akijua mahali faili huhifadhiwa. Mara nyingi alikaa pale akitazama kazi. Akaunyosha mkono juu ya kipanya, akasogeza mshale kwenye nakala ya jana.

Nukta akaufunika mkono ule kwa wake. "Mjomba, toa mkono."

Hakuwa amewahi kusema naye hivyo tangu azaliwe. Fundi aliangalia sakafu.

"Ni mke wangu," mjomba akasema.

"Ndiyo maana. Ukilituma lile, taya litalegea akiwa nyumbani, na huyo daktari atakuwa ameshaondoka."

Mjomba akautoa mkono. Akatoka nje bila kufunga mlango.

Nukta akajikaza. Akakilegeza kiwango kidogo, akajenga upya. Mistari myekundu ikapungua. Akalegeza tena; ukingo ukaanza kufifia, akarudi nyuma upesi. Akatafuta kipimo cha katikati kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu. Hatimaye ukabaki mstari mmoja tu mwekundu, mwanya kwenye pembe ya taya. Huo haukuzibika kwa mipangilio. Akauziba kwa mkono, akishona uso mmoja na mwingine, ukakataa, akaufumua, akaushona upya. Simu iliita kutoka hospitali. Akaiacha iite, fundi akaipokea.

"Mwambie linakuja," Nukta akasema bila kugeuza kichwa.

"Nimwambie kweli?"

"Mwambie."

Akajenga kwa mara ya mwisho. Kompyuta ikavuma kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Bamba likatokea zima, la kijivu, halina doa. Akasogelea tundu la nyuma. Ukingo ulikuwepo. Akayapitia matundu yote upya, asimwamini mtu wala mashine, ndipo akamgeukia fundi.

"Chukua."

Fundi aliondoka mbio.

Bamba lilitoka jioni, likasafishwa, likapelekwa. Kesho yake walikaa kwenye korido ya hospitali, mjomba mwanzo wa benchi, Nukta mwisho, na kati yao nafasi ya watu wawili. Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa, na kila mlango ulipofunguliwa waligeuka kutazama.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka hata barakoa hajaivua vizuri. Alisema uvimbe umetoka wote. Bamba limekaa. Skrubu zote zimeshika. Lakini neva moja ya mdomo haikuokoka. Upande ule wa mdomo wa chini ungebaki na ganzi, labda daima.

"Atakula?" mjomba akauliza.

"Kwanza kwa mrija. Baadaye atatafuna."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama aliyesahau kuacha. Daktari alipoondoka, mjomba alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la Nukta.

"Jana ningelituma lile bovu," akasema. "Usingekuwepo, ningelituma."

Nukta alichotaka ni kulala palepale. Akamwegemea mjomba wake, wakasubiri muuguzi aje kuwaita.